Kigari juu ya Mkorosho

Bwana Shamba hakuwa na shamba. Nilimuuliza kwa nini nikiwa bado darasa la tano, naye akaniuliza kama hakimu wa Kibiti alikuwa na kesi yake mwenyewe nyumbani. Nikaenda zangu sijaridhika. Nadhani tangu siku hiyo alinijua kuwa mtu wa kubisha, nami nikamjua kuwa mtu wa kukwepa, na kwa msingi huo tukaishi vizuri miaka mingi.

Jina alikuwa nalo, ila halikutumika. Pale kwetu Ruaruke hata mwaliko wa harusi ukitangazwa msikitini, yeye, Mkristo wa kutoka bara, alialikwa kama "Bwana Shamba", akaja, akakaa mbele. Wizara ilikuwa imemleta kutoka Unyamwezi aje atufundishe kulima mpunga. Sisi Wandengereko tulikuwa tukilima mpunga kabla wizara haijapata jengo. Alilijua hilo. Alifundisha hivyo hivyo, kwa sauti kubwa, kifungo cha shati kimefungwa hadi kooni katika joto lile, mwavuli mkononi: pandeni kwa mistari, pandeni kwa mistari. Kila mwaka watu walimsikiliza kwa adabu, kisha wakapanda kama walivyopanda babu zao.

Pwani hakuipenda, au ndivyo alivyosema. Unyevu mwingi, mbu wengi, nazi katika kila chungu, na watu wanalala mchana. Lakini siku aliyopewa nauli ya kurudi kwao pamoja na fedha za kusafirishia mizigo, hakwenda. Dada yake alifunga safari kutoka Tabora kuja kumchukua, akambembeleza wiki nzima, akaondoka na mkungu wa ndizi tu. Nilimuuliza kwa nini anang'ang'ania mahali anapopachukia.

"Kwetu nitakosa cha kulalamikia," alisema.

Mwezi wa Ramadhani hakula hadharani hata tonge moja, akisema ni adabu tu, lakini magharibi ikiingia alifuturu kwetu kwa hamu ya mtu aliyefunga, akikosoa tambi za mama yangu na kuongezewa. Redio yake aliivalisha kitambaa alichofumiwa, asiiruhusu kushikwa na mtu. Na sukari. Chai yake ilikuwa ya rangi, yenye pilipili manga, na sukari alitia mwenyewe. Ukimletea chai iliyokwisha kutiwa sukari, hata kama ni kiasi kile kile anachopenda, aliiweka chini hadi ikapoa. Nilidhani ni kiburi, na kiburi kilikuwemo.

Miguu yake ilikufa kwenye barabara ya Kibiti. Pikipiki ya serikali ilimtupa mtaroni msimu wa mvua, na alipotoka hospitali alikuwa na mikono yenye nguvu, kichwa chenye ubishi ule ule, na kuanzia kiunoni kwenda chini hana kitu. Haikupita muda zikaja zama za kupunguza wafanyakazi. Neno la wakati huo lilikuwa ruksa: ruksa kuuza, ruksa kununua, mitumba ikajaa hadi kwenye minada ya vijijini, na hospitalini ukaanza kuchangia gharama. Bwana Shamba akapunguzwa kazi akiwa amekwisha kupunguzwa miguu. Mzaha huo ni wake, si wangu.

Kulikuwa na shirika moja la misaada lenye ofisi Kibiti. Sisi tuliliita Shirika tu. Lilimpa kigari cha magurudumu matatu cha kuendesha kwa mikono, ambacho kwenye lami kilikwenda vizuri na kwenye mchanga wetu kilihitaji mtu wa kusukuma. Likamletea na mhudumu pia, kijana mpole aliyepanda basi kutoka Kibiti, akashuka barabarani, akatembea, akafika kwa Bwana Shamba saa nne asubuhi. Saa nne, jua limepanda, watu wanapita kwenda kisimani, Bwana Shamba ndiyo kwanza anaogeshwa nyuma ya ua wa makuti. Kijana alimchagulia shati. Alimwamulia saa ya kulala, kwa kuwa basi la mwisho la kurudi lilikuwa alasiri, na basi halimsubiri mtu. Bwana Shamba alilazwa kitandani jua likiwaka, anasikia wenzake wakicheza bao nje. Na chai ilikuwa na sukari.

Kisha Shirika likabadili utaratibu. Badala ya kumpelekea mhudumu, likasema litampa fedha zenyewe mkononi kila mwisho wa mwezi, amtafute msaidizi anayemtaka, ampangie kazi, amlipe, na akimchoka amwachishe. Lakini mpango ukimshinda, atahamishiwa kwenye nyumba ya wasiojiweza iliyokuwa jijini. Aliwahi kukaa huko baada ya hospitali. Alikuwa akiisimulia kwa sentensi moja: "Safi sana, na chai inakuja na sukari yake."

Wakati huo nilikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu na nilikuwa na maneno mapya mengi yaliyohitaji mahali pa kutumika. Likizo ya kwanza nilikwenda barazani kwake nikamwambia kuwa anachezewa. Serikali inajitoa, nilisema, mashirika yanajitoa, wote wanamwachia mgonjwa noti chache na kumwambia ajisimamie, halafu wanaita uhuru. "Hili ni soko huria, Bwana Shamba. Limefika mpaka kwenye beseni lako la kuogea."

Alinisikiliza hadi mwisho. "Profesa," alisema, kwa kuwa ndivyo alivyoniita tangu nilipofaulu, "hiyo siasa yako inasemaje kuhusu saa nne asubuhi?"

"Saa nne ni suala dogo."

"Basi kaoge wewe saa nne, pale njiani, wakupitie na ndoo zao. Kisha urudi tuzungumze mambo makubwa."

Sikwenda kuoga. Lakini sikukubali pia, na bado naona nilikuwa na hoja.

Kijijini mpango ule ulileta kero ambayo Shirika halikuifikiria. Mama yangu ndiye aliyekasirika wa kwanza. Alikuwa akimpelekea uji tangu atoke hospitali, na Bwana Shamba, kwa nia njema kabisa, akamuuliza kama angependa iwe kazi.

"Unilipe?" mama alisema. "Mie ni yaya wako? Uji wangu umekuwa wa kuuzwa?"

"Uji wako nitakunywa mpaka nife, mama Profesa. Lakini ukichelewa siwezi kukugombeza."

"Nigombeze! Nani kakukataza?"

"Nikikugombeza kesho hutakuja. Utakuwa na haki."

Mama aliondoka na bakuli lake. Uji ukaja kesho yake kama kawaida, umepoa kidogo, kwa makusudi.

Walioitaka kazi hiyo walikuja mmoja mmoja. Bwana Shamba aliwahoji kwenye baraza, kifungo kimefungwa hadi kooni, na swali lilikuwa hilo hilo kwa wote: "Nikisema leo sitaki kuoga, utafanya nini?" Mmoja alisema atambembeleza. Mwingine alisema atamshauri kwa upole juu ya usafi. Wa tatu, mcha Mungu, alisema atamripoti kwa Shirika kwa faida yake mwenyewe. Wote aliwashukuru, wote wakaondoka.

Mkumba hakuja kuhojiwa. Alikuwa anapita tu, begani ana kafi la mtumbwi wake. Huyu Mkumba alikuwa mkata mikoko na mlima mpunga wa deltani, mtu wa maneno makali, na kulikuwa na kisa baina yao. Enzi za kampeni za mistari, Bwana Shamba alimfuata hadi mabondeni kumkagua, na Mkumba akamkimbiza kwa kafi hilo hilo kwenye tope hadi kiatu kimoja kikabaki huko. "Mpunga hauendi gwaride!" alimpigia kelele. Kijiji kizima kiliijua sentensi hiyo.

"We Mkumba," Bwana Shamba alimwita siku ile, "nikisema sitaki kuoga, utafanya nini?"

Mkumba hakusimama hata. "Utanuka," alisema. "Mie nitakaa upepo unakotoka."

Akapata kazi.

Mama alikwenda kumuuliza Bwana Shamba kama ajali ilimgonga na kichwa. Unamchukua adui yako akuogeshe? Yeye akasema Mkumba ni mtu pekee Ruaruke ambaye hajawahi kumwonea huruma, na kwamba huruma ya watu wetu ilikuwa nzito kuliko kigari.

Hapo ndipo penye jambo ambalo mtu wa mbali huenda asilielewe haraka. Sisi na Wanyamwezi ni watani. Wazee husema utani huo ulianza zama za misafara, wakati wapagazi wa bara walipofika pwani wamechoka na kuhitaji mtu wa kuwapokea. Mtani anakutukana na huruhusiwi kukasirika. Anachukua kitu chako mbele ya macho yako, nawe unakikomboa kwa chochote. Lakini ukifiwa anakuja kuchimba kaburi, na ukiugua anakuhudumia, na hiyo si hisani, ni wajibu wake. Kwa hiyo Mkumba alipokubali kazi alikataa mshahara.

"Mtani hamlipi mtani," alisema. "Nikichukua mshahara wako nitakuwa nani? Boi wa Mnyamwezi? Babu yangu alimpokea babu yako akiwa na pembe za ndovu kichwani na funza miguuni."

"Bure sitaki. Mtu wa bure siwezi kumwambia kachelewa."

"Mie sichelewi."

"Leo umechelewa."

"Leo ulikuwa hujaamka, mpagazi wee!"

Walibishana hivyo mwezi mzima, na fedha za Shirika zikabaki chini ya mto. Mkumba alikuja alfajiri, akambeba, akamwogesha kabla watu hawajapita, akampa beseni la maji na sabuni kwa sehemu anazozifikia mwenyewe, akageuka kutazama kwingine huku akiyatukana makabila yote ya bara. Sukari aliisogeza tu. Usiku Bwana Shamba alilala anapotaka, kwa sababu Mkumba hakuwa na basi la kuwahi.

Mwisho wa mwezi Bwana Shamba aliamka akakuta kigari hakipo. Kilikuwa nje, juu ya mkorosho, kimefungwa kamba kwenye tawi nene, gurudumu la mbele linazunguka polepole. Chini amekaa Mkumba anatafuna muwa.

"Kimekamatwa," alisema. "Komboa."

Mama yangu anasema Bwana Shamba alicheka hadi akashika ubavu. Kisha akachukua fedha zote zilizokuwa chini ya mto, akazishika juu, akaanza kulia kuwa anaibiwa, anafilisiwa, wachimba ming'oko, wala viazi vya porini hawa wa pwani, wanamla mzima mzima. Mkumba akapokea. Kigari kikashuka. Tangu hapo kila mwisho wa mwezi ilikuwa hivyo, na majirani walikuja kutazama.

Nilipolisikia jambo hili likizo iliyofuata nilimwambia kuwa ni mshahara uliovalishwa nguo. Kwa nini wasikubali tu ukweli? Mmoja ni mwajiri, mwingine mwajiriwa.

"Na wewe siku ya kupewa shahada," aliniuliza, "joho utavaa la nini?"

Nilikuwepo siku alipokuja dada wa Shirika. Nasema dada wa Shirika kwa kuwa ndivyo tulivyomwita, binti wa rika langu, Mpare, mchapakazi, aliyezunguka vijiji vyote vile kwa pikipiki peke yake. Alikuja bila taarifa, kama alivyotakiwa, na ikaangukia siku ya mwisho wa mwezi. Alichokiona ni hiki: mlemavu ameketi chini kwenye mkeka, kigari chake kinaning'inia mtini, na mtu aliyelipwa kumtunza amesimama chini ya mti akipiga kelele, "Toa kitu, mpagazi mchafu! Toa, au leo unatambaa kama kasa!"

Alizima pikipiki. Sikuwahi kuona mtu akikasirika kimya vile.

"Nani kakipandisha?"

"Mie," alisema Mkumba kwa furaha, akidhani ni mtazamaji mwingine. "Weye kwenu wapi, dada?"

"Upare."

"Basi hatuna utani, sina neno na weye. Kaa pembeni utazame."

Bwana Shamba alianza kueleza. Dada akamsikiliza, kisha akasema anajua utani ni nini, hakuzaliwa Ulaya. "Lakini hicho kigari ni miguu yake. Mzee wangu, nyumba ikishika moto sasa hivi, utafanya nini?"

Mkumba aliutazama mti kana kwamba kigari kimepanda chenyewe.

Dada akaendelea. Amekwisha kuona wengi, alisema, wanaopokea fedha kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mwingine, na wote husema hawana tatizo, kwa sababu yule anayewanyang'anya ndiye atakayewalaza usiku. Atasimamisha fedha. Gari litakuja kumchukua Bwana Shamba.

Nikamuuliza, kwa kuwa siwezi kunyamaza penye hoja, ni kitu gani kingemthibitishia kuwa Bwana Shamba hanyanyaswi.

Akafikiri. "Nione kama anaweza kumwachisha," alisema. "Mtu asiyeweza kumwachisha msaidizi wake hana msaidizi. Ana bwana."

Lilikuwa jibu zuri. Lilikuwa jibu ambalo ningependa kulitoa mimi. Bwana Shamba alikifungua na kukifunga kile kifungo cha kooni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Mkumba," alisema mwishowe. "Kazi imekwisha. Kishushe, uende nyumbani."

Hakumtukana. Hakusema mchimba ming'oko, hakusema mvivu, alisema Mkumba, na hapo Mkumba akajua. Alipanda mkorosho, akafungua kamba, akakishusha kigari taratibu. Akafuta kiti kwa kanga kuukuu. Akamnyanyua Bwana Shamba, akamweka, akamnyoosha miguu kama alivyozoea. Akaondoka, na kafi lake akalisahau ukutani.

Dada alikuwa na sura ya mtu aliyepata alichokidai na asijue pa kukiweka. "Nani atakulaza leo?" aliuliza.

"Hilo sasa ni langu," alisema Bwana Shamba.

Dada akampa muda hadi ziara yake ijayo. Akiwa na mpango unaoeleweka, fedha zitaendelea. Akiwa hana, gari litakuja.

Siku zilizofuata Bwana Shamba alikaribia kufa kwa huruma. Kijiji kizima kilimjia. Vijana wanne walimbeba kwa pamoja kama jeneza na kumwangusha mgongo kwenye ukingo wa kitanda. Mama alimletea uji mara mbili kwa siku na kukaa akimtazama anavyokunywa. Kila mtu alisema pole. Watu walimtilia sukari. Nilimkuta amekaa uani, redio imezimwa, vikombe vya chai iliyopoa vimejipanga miguuni pake, na nilielewa kuwa nyumba ya jijini ilikuwa imemfuata.

"Nisukume," aliniambia. "Lete na hilo kafi."

Nilimsukuma kwenye mchanga hadi kwa Mkumba, kazi ambayo haikuwa imeandikwa kwenye kitabu changu chochote. Tulimkuta anasuka kamba.

"Hodi."

"Karibu, Bwana Shamba," alisema Mkumba kwa heshima zote. Ilikuwa mbaya kuisikia.

"Nimekuja kukuajiri."

Mkumba alivuta uzi mmoja, akausokota, akauongeza. "Ulinifukuza mbele ya mgeni."

"Ningekufukuza faraghani asingeona."

"Ungenikonyeza."

"Ningekukonyeza ungekuwa mchezo. Alitaka kuona kweli." Bwana Shamba aliliweka kafi mapajani. "Na ilikuwa kweli, Mkumba. Nilikufukuza. Naweza. Sasa nakuja tena kwa sababu nataka, si kwa sababu sina mwingine. Wengine ninao wengi mno."

Mkumba aliendelea kusokota. Nilitaka kusema kitu, nashukuru sikukipata.

"Yule dada alisema kweli," Mkumba akasema baadaye. "Kuhusu moto. Mie sikuufikiria moto."

"Wala mimi."

"Miguu ya mtu haikamatwi." Akaivuta kamba kuipima nguvu. "Lakini mpunga wangu umeanza kubeba. Ndege wako tele. Nahamia dunguni mpaka mavuno, siwezi kuja kwako."

Dungu ni kibanda cha juu ya nguzo, mabondeni, ambamo mlima mpunga huishi msimu mzima akiamia ndege wasile mpunga na kufukuza nguruwe. Msimu huo vijiji vyetu hubaki na wazee na kuku.

"Basi nitakuja mimi," alisema Bwana Shamba.

"Dungu lina ngazi."

"Wewe una mgongo."

"Kuna tope, kuna mbu, na hakuna mstari hata mmoja."

"Nitafumba macho."

Mkumba akaanza kucheka kabla hajataka. "Mnyamwezi mwenye wazimu wee," alisema, na nilimwona Bwana Shamba akivuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini.

Dada wa Shirika alipokuja mara ya pili alikuta nyumba imefungwa, akaelekezwa mabondeni, akapanda mtumbwi na viatu vyake mkononi. Sikuwepo. Mama alisimulia kwamba alikaa dunguni mchana kutwa akiuliza maswali, akajaribu mwenyewe ngazi, akataka kujua wakihitaji hospitali watatoka vipi, wakamwonyesha mtumbwi uliofungwa chini tayari. Mwisho wakakubaliana mambo matatu kwa mdomo: kigari hakiguswi, mtumbwi hauondoki bila Bwana Shamba kuambiwa, na cha kukamatwa kitakuwa redio. Inasemekana Bwana Shamba alipinga sana hilo la redio.

Miaka ikapita. Nilimaliza chuo nikagundua kuwa ruksa haikuwa na maana ya ajira. Nilikuwa na jozi moja ya viatu vyeusi vya usaili, ninavipiga rangi, ninavivaa, ninarudi navyo. Nikasikia kuwa Shirika limefunga ofisi ya Kibiti na kuhamia mikoa mingine, na fedha zile zimekoma. Nilikuwa nimelitabiri hilo barazani kwake. Nilipanda basi kurudi nyumbani nikiwa na hakika ya nitakachokikuta, na hakika hiyo haikunifurahisha.

Nyumba yake ilikuwa imefungwa. Mama akanyoosha mkono kuelekea Mbwera, kule mabondeni. "Yuko kazini," alisema.

Nilifika dunguni jua likiwa limeshapanda sana. Kwa mbali nilisikia makopo yakigonga, na nilipokaribia niliziona kamba: zilitoka kwenye dungu kama mikono ya pweza, zimepita juu ya mpunga wa Mkumba, zikavuka mpaka zikaingia shamba la jirani, na la jirani wa pili. Kila kamba ilikuwa na makopo ya maziwa, matambara, vipande vya bati. Zote ziliishia sehemu moja, kwenye mikono ya Bwana Shamba, aliyeketi juu katikati, kifungo kimefungwa hadi kooni, akivuta moja baada ya nyingine bila kuzitazama.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba, Profesa. Panda. Vua viatu, hapa nyumbani kwa watu."

Nilivua viatu, nikapanda navyo mkononi, nikaviweka pembeni. Akanisogezea birika, kikombe, na kopo la sukari, akaniachia. Chini Mkumba, mvi zimemjaa, alikuwa akipalilia na kuimba jambo baya kuhusu Tabora.

Nilimuuliza kuhusu fedha. Alisema majirani wa mashamba yale walimwona akiamia vizuri kuliko watoto wao, ambao hulala, wakaomba aongeze kamba. Sasa kila mmoja humpa mpunga wakati wa mavuno. Redio ilikuwa ikining'inia kwenye nguzo chini yetu, imevalishwa kitambaa chake; imekamatwa, na itakombolewa kwa gunia.

"Kwa hiyo sasa," nilisema, "nani mwajiri na nani mwajiriwa? Yeye anakutunza, wewe unamlindia shamba, unamlipa kwa mpunga wake..."

"Wake ni sehemu tu. Tazama kule, kona ya mbali. Unawaona?"

Nilisimama ukingoni kutazama. Kwereakwerea walikuwa wakitua kundi zima kwenye kona ya jirani wa pili, wengi mpaka mashuke yameinama. Nikamwambia nawaona. Nyuma yangu nilisikia akihangaika na fundo, sikujali.

"Vuta hiyo ya kushoto," alisema.

Nikavuta. Kamba ikakaza, makopo yakagonga, na juu ya mpunga, baina ya kopo na bati, vikarushwa viatu vyangu vyeusi vya usaili, vinang'aa, vinacheza hewani kila kimoja kwa mdundo wake.

"Vimekamatwa!" Mkumba alipiga yowe kutoka shambani, ameangusha jembe. "Mpagazi kamkamata mtoto wetu!"

Nilimgeukia Bwana Shamba. Miaka yote ile alikuwa ameniita Profesa na hakuwahi kunitania kama mtani.

"Komboa, mchimba ming'oko," alisema.

"Sina kitu, Bwana Shamba. Unajua sina."

"Mikono unayo. Kamba za kushoto zimenizidi, na jirani wa tatu ameniomba nikamkatalia. Kaa mpaka mavuno. Utapata fungu lako, na ukilala nitakufukuza."

Nilimuuliza kama kulala mchana kunaruhusiwa. Nikamuuliza mpunga unagawanywaje, na nani huamua, na kama mvua ikiharibu hasara ni ya nani. Alijibu yote, huku akivuta. Kisha kundi likaanza kurudi, nikashika kamba yangu, nikavuta tena, na ndege wakaruka kwa pamoja kuvikimbia viatu vyangu.